Majina Pembezoni mwa Daftari la Tondo

Vijana wa maabara mmeniomba niwaandikie habari za kazi kabla sijasahau. Mimi sisahau. Ninyi ndio mnaosahau kufunga chupa za spiriti. Juzi tu nimepita dirishani kwenu, mstaafu mzima nakwenda zangu bandarini kutafuta kitoweo, nikasikia harufu mpaka barabarani. Lakini nitaandika. Hapa Mocímboa, pwani ya kaskazini mwa Msumbiji, mtu akikaa nyumbani mchana watu huja kumpa pole, na mke wangu Atija amechoka kuniambia nisogeze kiti apate kufagia.

Mambo ya vyeo nayaruka, maana yatachukua nusu mstari. Niliingia chuoni nikiwa fundi wa maabara ya biolojia na mazingira, nikatoka nikiwa fundi wa maabara hiyohiyo. Kilichobadilika ni miwani.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Lourenço, Mmakonde wa Mueda, aliyeiogopa bahari maisha yake yote na akaishi kwa kuwatia viumbe wake kwenye chupa za jemu. Alinikabidhi funguo, koti jeupe lenye jina la mtu mwingine kifuani, na penseli moja. Nikacheka. Nilidhani chuo kikubwa kitanipa kalamu.

"Wino ni wa ofisini," akaniambia. "Ukienda majini andika kwa penseli. Wino ukilowa unakimbia na habari zako. Penseli haikimbii."

Hayo ndiyo mafunzo yangu yote ya sayansi. Mengine nilijifunza kwa kubeba.

Nilibeba nini? Inategemea nani anatafiti nini. Pembeni ya mlango wa idara palikuwa na ubao mweupe wa mbao, na juu yake majina ya walimu, kila mmoja na jambo lake. Kazi ya kuuandika ilikuwa yangu, kwa sababu ya mwandiko wangu, ambao hata mimi naukubali. Palikuwa na mwalimu wa mikoko. Palikuwa na mwalimu wa mchwa, na meza yake ilikuwa ya kwanza kuliwa. Palikuwa na Dotori Bernabé, ambaye mbele ya jina lake niliandika *Popo*. Na palikuwa na Dotora Argentina, ambaye mbele ya jina lake niliandika neno lililowachekesha wauza samaki wote wa bandarini: *Tondo*.

Kwa wageni: tondo ni konokono mrefu mweusi wa matopeni, kwenye mikoko. Kwetu huchemshwa, akachokolewa kwa mwiba wa mlimau, akaliwa na ugali. Sasa watu wakajiuliza: mwanamke kasoma mpaka ng'ambo, karudi na vyeti vyake, anatafiti kitoweo? Wakamwita Dotora Tondo. Yeye akaitika. Alikuwa Mmakua wa Nampula, mfupi, mwenye kofia ya ukili, na hakuwa mtu wa kucheka ovyo.

Dotori Bernabé alikuwa kinyume chake. Mrefu, mcheshi, viatu vinang'aa hata siku za mvua. Popo wanalala mchana, na yeye, kwa kuwaheshimu, alikuwa akilala mchana pia. Mara moja tulikwenda kisiwa cha Rongui kutafuta popo. Alitapika kutoka tulipong'oa nanga mpaka tulipotia. Akashuka, akakaa kivulini kidogo, akatangaza kwamba popo wa Rongui hawana tofauti na wa kwetu. Tukarudi. Popo mwenyewe hatukumwona hata mmoja.

Kwa Dotora hapakuwa na mambo hayo. Kila bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yanapotoka mpaka mbali, alikuwa nami kwenye mwamba na matope ya Kitaleni, upande wa Palma. Tulikuwa na fremu ya mraba niliyoiunga mwenyewe kwa mabomba ya plastiki, upana wake hatua moja kila upande. Unaitupa, unainama, unahesabu kila tondo aliyemo ndani, unaandika, unaitupa tena. Kiuno changu cha leo kilianzia pale.

Sasa tatizo. Si sisi peke yetu tuliokuwa tukiinama Kitaleni. Wanawake wa vijiji vya karibu walikuja bamvua ileile na makapu na vyuma vya kuchokolea, wakiokota tondo, chaza, na pweza akijitia ujinga. Na mmoja wao alikuwa Mwanarabu, mdogo wake Atija, aliyeolewa huko. Shemeji yangu. Mnajua shemeji wa kwetu. Ana ruhusa ya kukutania mpaka kaburini, na wewe huna ruhusa ya kununa.

Siku ya kwanza aliponikuta nimeinama nahesabu, sikuinua kichwa. Nilikuwa kwenye thelathini na kitu, nikiitikia salamu hesabu inapotea.

"Enyi wenzangu!" akapaza sauti. "Mwaniona shemeji yangu? Kaoa kwetu, leo kaoa konokono. Salamu haitikii!"

Wakacheka mwamba mzima. Ikabidi nisimame, nisalimie mmoja mmoja, niulize watoto, niulize wagonjwa, niulize mume kapona mguu. Hesabu ikapotea. Nikaanza upya.

"Na hapo waandika nini?"

"Tondo."

"Tondo waandikwa, mimi niliyekuja kumla siandikwi? Niandike."

Nikamwandika, pembezoni mwa ukurasa, kwa penseli: *Mwanarabu, kapu moja*. Akasimama juu ya bega langu akitazama mkono unavyokwenda. Kusoma hakujua, lakini aliufuata ule mwandiko kama anavyofuata njia ya pweza kwenye mchanga. Wenzake nao wakataka. Tangu siku hiyo, kila bamvua, salamu zilikuwa hivyo: habari za nyumbani, kisha niandike. Nisipomwandika mtu, nilinuniwa mpaka mwezi ujao.

Dotora alipofungua daftari akakunja uso. Mimi, kama fundi, chuoni huitwa mestre.

"Mestre, hivi ni vitu gani?"

"Ni watu, Dotora."

"Mimi sitafiti watu."

"Ndiyo, Dotora."

"Vifute."

"Ndiyo, Dotora."

Sikufuta. Nilimwambia kifutio kimeanguka majini, na kwa kweli kilianguka, baada ya mimi kukiachia. Hakurudia tena. Na baada ya miezi mingi, siku moja tukiwa tunakusanya vyombo, akaniambia bila kunitazama: "Yule aliyejifunga kapulana ya njano hukumwandika." Nikajua amekwisha kuwa mwenyeji.

Ndipo gesi ikaonekana baharini. Kwanza tuliona meli zisizovua na zisizobeba mizigo. Kisha nyumba za wageni zikajaa, samaki wazuri wakaanza kupita bandarini bila kutua. Na kwenye idara yetu nikaishiwa rangi nyeusi, kwa sababu mwaka ule walimu wote walikuja na vikaratasi mkononi.

Mwalimu wa mikoko akawa *Mikoko na Nishati*. Mwalimu wa mchwa akawa *Mchwa na Miundombinu ya Kisasa*. Dotori Bernabé akaja akipiga mluzi: *Popo na Maendeleo ya Gesi Asilia*.

"Dotori," nikamuuliza nikiwa kwenye ngazi, "popo na gesi wanakutana wapi?"

"Ndiyo maana inahitaji utafiti, mestre."

Hakuna wa kumlaumu. Wageni waliokuja na magari yao walisimama mbele ya ubao ule, wakasoma, wakagonga mlango wa yule ambaye mstari wake uliwafaa. Nilimwendea Dotora Argentina na brashi mkononi. "Na wewe nikuongezee? Nafasi ipo." Akaangalia ubao, akaangalia viatu vyake vyenye matope. "Tondo hajabadilika," akasema. "Acha."

Ardhi ya upande ule ilitakiwa kwa ajili ya mitambo ya kuishughulikia gesi, na watu wangehamishwa. Kabla ya kuhama ilitakiwa orodha: nani ana shamba, nani ana mikorosho, nani anatumia pwani. Aliyekuwa kwenye orodha ya pwani angeonyeshwa sehemu nyingine ya kuvua, na njia ya kufika huko, na cha kuanzia maisha. Asiyekuwamo alihesabiwa kwamba bahari hakuwa nayo. Kampuni moja ya washauri ikatafuta watu wa kuhesabu watumiaji wa pwani, ikasimama mbele ya ubao wetu, ikagonga kwa Dotori Bernabé. Dotora alikuwa Nampula akimuuguza mama yake.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka kama nilivyoruka vyeo.

Tulikwenda Jumatatu, tukarudi Ijumaa. Gari lilikuwa na kiyoyozi. Tulilala mahali penye wali na kuku jioni na asubuhi mayai. Dotori aliziweka siku zile kwa kalenda ya ofisini, ile yenye picha ya maua. Mwezi ulikuwa nusu. Kwa mtu yeyote aliyezaliwa pwani hii, mwezi nusu ni maji mafu: bahari haitoki, haijai, inajikunakuna tu papo hapo. Mwamba wa Kitaleni hautokezi hata pua. Na mwamba usipotokeza mwanamke hana cha kufuata, anakwenda shamba.

Nililijua hilo tangu tukiwa tunapakia gari. Nimezaliwa hapa. Sikusema. Nimejitetea kwa sababu nyingi miaka yote hii: kwamba niliulizwa kama boksi la barafu limejaa, sikuulizwa maji, kwamba fundi hamsahihishi dotori mbele ya wageni, kwamba watarudi tena. Lakini ukweli ni kwamba kuku alikuwa mtamu, na nilizoea kuwa mtu wa kubeba. Nilikaa siku tano natazama maji matupu na kalamu mkononi.

Kalamu, ndiyo. Ile ilikuwa fomu ya ofisini. Dotori akanipa niijaze kwa sababu ya mwandiko. Kwenye mstari wa Kitaleni, wiki nzima, nikaandika kwa wino mweusi: *Hapakuonekana mtu.*

Miezi ikapita. Ukaitishwa mkutano kijijini, turubai likafungwa, viti vya plastiki vikapangwa, na karatasi zetu zikakuzwa na kubandikwa ubaoni watu wazione. Mimi nilikaa nyuma na Dotori. Tulialikwa kama wataalamu. Wakasoma majina ya wenye vyombo, wenye nyavu, wenye madema. Wanaume wakaitikia. Wakahamia kwenye mashamba.

Mwanarabu akasimama.

"Naomba kuuliza. Sisi wa mwamba hatujasomwa."

Kijana wa washauri akamjibu kwa adabu kabisa kwamba utafiti ulifanyika, na ulionyesha mwamba ule hauna watumiaji. Akagusa karatasi yenyewe.

Mwanarabu akaisogelea. Akaitazama kwa muda, kichwa kaegemeza upande. Kusoma hajui, nimekwisha sema. Kisha akageuka akanitafuta mpaka akaniona.

"Shemeji. Huu si mkono wako?"

Watu wakacheka, walidhani ni utani wetu wa siku zote. Nikasimama.

"Ni wangu."

"Pameandikwa nini hapa?"

Nikasogea ubaoni.

"Tusomee, mwana wa watu. Wewe si msomi wetu?"

Nikasoma. "Hapakuonekana mtu."

Kicheko kikakatika. Akanitazama, na safari hii hapakuwa na shemeji usoni mwake. "Basi mimi uliyekuwa ukiniandika," akasema, "nilikuwa nani?" Akarudi kukaa. Nimepigwa maishani, na nimezika wazazi, lakini aibu ya siku ile nikiikumbuka masikio bado yanawaka.

Dotora Argentina alikuwa amerudi kutoka Nampula. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Hakunikaripia. Aliuliza tu mwezi ulikuwaje, nikamwambia nusu. Akauliza kama nililijua, nikamwambia nililijua. Akainuka, halafu: "Daftari zetu ziko wapi?"

Hapo nikaona aibu nyingine, ndogo. Friza la maabara lilikuwa na mguu mmoja mfupi, likawa linanguruma na kutembea. Takwimu za tondo zilikwisha kuingizwa kwenye kompyuta, tondo peke yao bila pembezoni. Kwa hiyo daftari nilizipanga zote chini ya ule mguu. Friza lilinyamaza kabisa. Nilisifiwa.

Tulikwenda kulizima na kulinyanyua. Lilikuwa limejaa popo wa Dotori, miaka yake yote, kila mmoja kwenye mfuko wake, na katikati samaki karapau wa chakula cha mchana wa mtu asiyejulikana. Dotori Bernabé alisikia mlio akaja mbio kuwaokoa popo. Tukampa ncha moja ashike. Tukanyanyua, Dotora akajilaza sakafuni na kofia yake, akazivuta. Mbili za chini zilikuwa zimeota ukungu, zimebonyea alama ya mguu. Lakini penseli ilikuwa palepale. Mzee Lourenço alikwisha fariki. Ningekwenda kumwamsha nimwambie.

Dotori akafungua ya juu. Akasoma. *Mwanarabu, kapu moja. Zainabo, kapu, na mtoto mgongoni. Bi Muaija, pweza wawili, anaumwa jino.* Akafungua nyingine. Bamvua baada ya bamvua, majina yaleyale. Popo walianza kutoa maji, hakuwajali.

"Kwa nini hukuniambia maji hayatoki?"

"Hukuniuliza, Dotori."

"Na wewe hukusema."

"Sikusema."

Tukabaki tunawatazama popo. Kisha akavuta kiti, akatoa kalamu yake nzuri, akaandika barua kwa wale washauri kwamba hesabu yake ya Kitaleni ilifanywa siku zisizofaa na anaifuta. Aliandika *yangu*, hakuandika *yetu*. Nimemcheka mtu huyu miaka mingi, kwa viatu, kwa usingizi na kwa Rongui. Kwa barua ile simcheki. Dotora akachora jedwali usiku na mchana, tondo upande mmoja na watu upande wa pili, na orodha ikafunguliwa upya. Wanawake wa Kitaleni wakaingia.

Si wote. Waliokuwa wakiokota ng'ambo ya mkono wa bahari, ambako fremu yangu haikufika, hawakuwa pembezoni mwa daftari lolote, na barua ya mtu haikuwaingiza. Linanikera hadi leo, na sitaki mlisome haraka.

Wiki iliyofuata Dotori alinikuta kwenye ngazi nasafisha ubao. "Ule mstari wangu," akasema, "ufupishe. *Popo* inatosha."

Mwanarabu alihamia Quitunda, kijiji kipya cha waliohamishwa, nyumba ya matofali ya saruji yenye kona kali, na kwa muda hakunitania. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Alinisalimia vizuri, akaniita kwa jina langu, Bakari, kama karani. Kisha ikaja vita, ile miaka ya kukimbia. Chuo kikafungwa. Atija alibeba sufuria na Kurani, mimi nikabeba daftari kwenye mfuko wa mchele mpaka Pemba yetu ya Msumbiji, na mpaka kesho hajanisamehe kwamba niliacha kinu. Tulirudi. Mengine mnayajua, mlikuwapo.

Mwezi uliopita, siku nakabidhi funguo, Mwanarabu alikuja chuoni. Amezeeka, anatembelea fimbo. Alikaa kwenye kiti cha Mzee Lourenço, akaagiza, hakuomba: "Nisomee."

Nikazitoa daftari. Nikaanza na ukurasa wa kwanza.

"Mwanarabu, kapu moja."

"Nipo."

"Zainabo, kapu, na mtoto mgongoni."

"Yupo Quitunda. Huyo mtoto ana ndevu sasa."

"Bi Muaija."

"Mungu amrehemu."

"Atumane wa kapulana ya njano."

"Yuko Mtwara kwa binti yake. Hajarudi."

"Fatima mdogo."

"Hatujui," akasema. "Walipokimbia walipotezana. Soma."

Nikasoma daftari zote saba. Kila jina alilijibia, mchana wote, na vijana ninyi mlikuwa mkipita mlangoni mkidhani tunasali. Nilipofunga daftari la mwisho akanitazama, na nikaona lile jicho lake la zamani, la mwambani.

"Kila bamvua tulikuwa wangapi pale?"

"Kama mlivyosomwa."

"Na mmoja zaidi. Mmoja alikuwa ameinama hasalimii watu. Huyo mbona sijamsikia?"

Nikafungua tena, nikapekua. Kweli. Ukurasa hadi ukurasa, sikuwa nimejiandika hata mara moja.

Nikatoa kalamu mfukoni. Akaipiga kwa fimbo yake, ikaanguka.

"Penseli," akasema. "Huo wino wako twaujua."

Mmoja wenu akaleta penseli. Mwanarabu akainuka, akaja akasimama juu ya bega langu kama zamani, apate kuona mkono unavyokwenda.

"Andika: na Shemeji alikuwapo."